Gunia Lisilo na Jina

Muuza kahawa wa Kirongwe, kisiwani Mafia, hukaanga buni zake mwenyewe. Huziweka kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, akazikoroga kwa upawa bila kupumzika, mpaka zianze kualika na moshi uwe mzito. Haziepui mpaka ziwe nyeusi kama makaa, kwa sababu wateja wake wanataka kahawa chungu, ile inayozibua kichwa. Kisha huzitwanga kinuni pamoja na tangawizi kavu. Baada ya sala ya Alasiri, jua likishapunguza makali, hushika birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, na mlio wa vikombe vikigonganishwa ndio unaowaita wateja.

Kituo chake cha kwanza ni kibaraza cha mwalimu mstaafu. Hapo humkuta mzee mwenye shamba la minazi, na kijana anayefanya kazi hotelini Utende, ambaye hurudi nyumbani siku za mapumziko. Mke wa mwalimu hukaa mlangoni na sinia la kashata, na pembeni yake hukaa nesi wa jirani, mwenyeji wa Uru mkoani Kilimanjaro, aliyeletwa kisiwani na barua ya uhamisho. Siku moja kijana alikuja na pakiti tupu ya kahawa, iliyoachwa hotelini na mgeni aliyefuata papa potwe. Akaisoma kwa sauti: jina la kijiji, mwinuko wa mita 1,600, kahawa imeoshwa na kuanikwa juani, alama 86.

"Alama 86 za nini?" akauliza muuza kahawa. "Kahawa nayo inafanya mtihani?"

"Inafanya," akasema mwalimu, ambaye aliwahi kufundisha Mbinga miaka mingi. "Wapo waonjaji wenye vyeti. Wanakaanga kidogo, wanasaga, wanamimina maji ya moto, wanavuta kwa kijiko mpaka unasikia mluzi. Wanapima harufu, uchachu, utamu, na ladha inayobaki mdomoni baada ya kumeza. Jumla ni 100. Ikifika 80 na kuendelea inaitwa kahawa maalumu. Chini ya hapo ni kahawa ya soko la kawaida."

Jina hilo la kahawa maalumu si la zamani. Lilianza kuenea mwaka 1974, pale Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa San Francisco, alipolitumia kuzielezea kahawa zenye ladha ya pekee inayotokana na mahali zilipolimwa. Tangu hapo imezaliwa biashara nzima ya watu walio tayari kulipa zaidi ili wajue wanakunywa kahawa ya mlima upi.

"Na yako wewe inatoka wapi?" kijana akamgeukia muuza kahawa.

"Kariakoo."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesema kweli. Gunia hufika kwa boti kutoka bara, halina jina la kijiji wala la chama, na mtu aliyemuuzia naye hakumbuki alilinunua kwa nani.

Mzee wa minazi ndiye aliyeuanzisha ubishi. "Nazi zangu zikishapanda boti kwenda Nyamisati, nani huko anajua zimetoka shamba gani? Bei napangiwa ng'ambo. Mwaka wa mbata kushuka nashuka nayo. Sasa kama wenzetu wa milimani wamepata watu wa kuwalipa kwa jina na kwa alama, basi wameneemeka, na sisi tuwaige."

"Baba, mimi mama yangu ana kihamba cha kahawa Uru," akasema nesi. "Ana miaka 71. Kahawa amelima tangu alipoolewa. Hajaneemeka."

Mwalimu hakukubaliana naye, na hoja yake ilianzia mbali. Akawakumbusha kwamba kahawa si ngeni kwa watu wa nchi hii. Wahaya wa Kagera walikuwa wakizichemsha buni za robusta, wakazikausha na kuzitafuna, na kumkaribisha mgeni nazo, kabla Mzungu hajafika kwao. Arabika yenyewe ilipita mkoa huuhuu wa Pwani: Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda huko miche iliyotoka kisiwa cha Réunion, na baadaye mbegu zikapandishwa hadi Kilema, mlimani Kilimanjaro. Wachaga walipoanza kulima wenyewe, walowezi walitaka wakatazwe. Hawakukatazika. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado liko Moshi hadi leo.

"Kwa hiyo mkulima mdogo wa kahawa si mtu wa kuonewa huruma," akasema mwalimu. "Ni mtu aliyejenga shule kwa kahawa. Kule Mbinga nimeona kwa macho yangu: Mmatengo anachimba ngoro zake kwenye mteremko mkali, maji ya mvua yanatulia mashimoni, udongo haubebwi, na juu yake nyumba ya bati imetokana na buni. Kilichomwangusha ni kuuza kahawa nzuri kwa bei ya kahawa mbaya. Dawa ya hilo ndiyo kahawa maalumu."

Nesi akaweka kikombe chini. Alichosema baada ya hapo kinafaa kunukuliwa kwa urefu, maana wengi wanaoandika juu ya kahawa hawajawahi kuiosha.

"Unachuma tunda jekundu tu, mwalimu. La kijani unaliacha, la manjano unaliacha. Mti mmoja unaurudia mara tano, mara sita, maana matunda hayaivi siku moja. Ukifika nyumbani unayamwaga kwenye ndoo ya maji, yanayoelea unayatoa. Jioni hiyohiyo unamenya kwa mashine ya mkono, ukilala nayo yanaanza kuchacha. Unazivundika siku moja au mbili, halafu unaziosha mpaka utelezi uishe. Unajuaje umeisha? Unakamata buni kiganjani unasugua. Zikikwaruza kama kokoto, tayari. Zikiteleza, rudia. Kisha kichanjani. Saa sita mchana unazifunika zisipasuke, mvua ikinusa unakimbia kuzifunika, usiku unazifunika. Wiki mbili hivyo. Halafu unazipeleka kwenye mzani. Na mwenzako aliyekwangua mti mzima kwa siku moja, mbichi na mbivu pamoja, amesimama nyuma yako kwenye foleni. Zako na zake zinamiminwa gunia moja. Bei moja."

Kibaraza kikatulia. Hata mzee wa minazi, ambaye nazi zake huhesabiwa moja moja, alitikisa kichwa.

Hapo ndipo shina la mjadala huu. Ladha ya kahawa huzaliwa shambani na kwenye ndoo ya kuoshea, mikononi mwa mkulima, mara nyingi mwanamke. Lakini alama hutolewa Moshi, Tokyo au Hamburg, baada ya magunia kuchanganywa, na mara nyingi hairudi kijijini. Mkulima hulipwa kilo. Mtu anayelipwa kilo atatafuta kilo, na hakuna semina itakayombadilisha.

Kijana wa hoteli alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. "Basi wasichanganye. Rwanda hawachanganyi." Alikuwa na habari za Maraba, karibu na Butare, ambako wakulima waliotoka kwenye mauaji ya 1994 walijiunga katika ushirika na mwaka 2001 wakapata kituo chao cha kuoshea kahawa. Kabla ya hapo kila kaya ilimenya kwake na kuuza kwa bei ya chini kabisa. Mwaka 2003 kahawa yao ilikuwa inauzwa kwenye maduka ya Sainsbury's huko Uingereza kwa jina lake yenyewe, Maraba. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, ambamo kahawa iliyoshinda hunadiwa kwa wanunuzi wa dunia nzima kwa jina la walioilima.

"Na Ethiopia," kijana akaendelea, "waliyafanya majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yawe mali yao kisheria. Wakabishana na Starbucks mpaka 2007 wakaelewana. Sisi je? Japani arabika yetu inauzwa kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imetoka Mbinga kwa mwalimu!"

Mwalimu alicheka kwa uchungu kidogo, akaongeza lake. Aina ya kahawa inayoitwa SL28, ambayo imeipatia Kenya sifa duniani, ilichaguliwa na watafiti wa Kabete kutokana na miti iliyoonekana Monduli, kaskazini mwa Tanganyika, mwaka 1931. Mbegu ilitoka kwetu, sifa ikaenda Nairobi.

Lakini Rwanda nayo ina funzo lake la upande wa pili. Huko, na Burundi, na Kivu, kuna kasoro ambayo wanunuzi wanaiogopa: kikombe kunuka kiazi kibichi. Inahusishwa na mdudu anayetoboa tunda. Buni moja tu ikiponyoka, kikombe kizima kimeharibika, na mnunuzi hana njia ya kuijua kabla ya kusaga. Kwa hiyo mkulima anatakiwa awahi wadudu, achague tunda, na wanawake wakae mezani siku nzima wakiokota buni mbovu moja moja. Kazi hiyo yote ni gharama. Kahawa maalumu haimpi mtu fedha ya bure, humwongezea kazi kwanza, na malipo yake huja baadaye kama yakija.

"Yakija," nesi akarudia neno hilo. "Mama alijaribu msimu mmoja. Waliambiwa wakusanye tunda jekundu tupu, watalipwa malipo ya kwanza, halafu ya pili baada ya mnada. Ya kwanza yalikuja. Ya pili tulisubiri mpaka ada ya shule ya mdogo wangu ikapita. Mwaka uliofuata mlanguzi alifika na fedha mkononi, mama akamuuzia. Mnamlaumu?"

Hakuna aliyemlaumu. Kagera wana neno kwa hali hiyo ikizidi: butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa sababu njaa ya leo haingoji mnada wa Septemba. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo, kwa kuwa anayeuza maua hafanyi hivyo kwa kukosa akili. Amekosa mkopo.

Mzee wa minazi, aliyekuja akiwa na hakika, sasa alitaka kujua kuhusu bei yenyewe. Nani anaipanga?

Mwalimu alieleza kwa ufupi. Kuanzia 1962 nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa kiasi cha kuuza, na bei haikuachwa ianguke hovyo. Julai 1989 mgawo huo ulivunjika. Mwaka 2001 bei ya arabika kwenye soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na mlimani watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Februari 2025 bei ileile ilivuka dola 4. Ilipoanguka na ilipopanda, mama wa nesi alikuwa anachuma tunda lilelile, kwa mikono ileile.

"Kahawa maalumu inajitoa kwenye soko hilo," kijana akasema.

"Inajitoa nusu," nesi akajibu. "Mikataba mingi inasema bei ya New York na nyongeza kidogo juu yake. New York ikianguka, bei yote inaanguka nayo."

Ni kweli, na kweli hii hufichwa mara nyingi na picha nzuri za kwenye pakiti.

Hesabu nyingine ilifanywa pale pale, kwa kutumia kashata kama vitu vya kuhesabia. Mkulima anahitaji karibu kilo 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya buni safi iliyokobolewa. Ikikaangwa, maji yanatoka, inabaki kama gramu 850. Mhudumu wa mgahawa akitumia gramu 18 kwa kikombe, anapata vikombe 47. Mke wa mwalimu, aliyekuwa kimya muda wote, aliziangalia kashata 47 alizozipanga kwenye mkeka wa ukili, kisha akauliza: "Na huyo mama wa Uru, chake ni vikombe vingapi katika hivi?" Nesi alisukuma kashata mbili. Halafu akaongeza ya tatu, akasema labda mwaka mzuri.

Na hali ya hewa nayo inabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba kinachoiumiza zaidi ni usiku kuwa na joto: kila nyuzi 1 ya ongezeko katika joto la chini kabisa la usiku huenda na upungufu wa kilo 137 hivi kwa hekta. Kwa mkulima ambaye mavuno yake ni machache tangu awali, hilo ni pigo kubwa. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu, imezalisha aina mpya zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na anayezipanda hupunguza sana gharama ya kupulizia dawa ya kopa. Mama wa nesi amepanda michache. Ile mikuukuu, iliyopandwa na baba mkwe wake katikati ya migomba, ameshindwa kuing'oa.

Muuza kahawa alikuwa amesikiliza yote haya huku akisuuza vikombe. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu aliyeguswa.

"Nyote mnazungumzia mgeni. Mgeni wa Utende, mgeni wa Japani, mgeni wa Uingereza. Mimi hapa Kirongwe namimina kila siku, mwaka mzima, mvua na jua. Kilindoni wapo wenzangu, Dar wapo, Unguja wapo, Tanga wapo. Tunakunywa kuliko huyo mgeni wa wiki moja. Mbona hamtuhesabu?"

"Kwa sababu unachoma, kaka yangu," kijana akasema. "Kahawa ya alama 86 ukiifikisha kwenye weusi wako, hata muonjaji wa Moshi hataijua."

"Nachoma kwa sababu gunia linakuja na buni zilizovunjika, zilizotobolewa, na nyingine zina ukungu. Nisipochoma mtazinywa hivyo? Niletee nzuri uone kama nitaichoma."

Hapo muuza kahawa alikuwa amegusa jambo kubwa kuliko yote yaliyosemwa jioni ile. Karibu asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hulimwa na wakulima wadogo, na inayonywewa nchini haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mavuno. Ethiopia hunywa takriban nusu ya kahawa yake. Mkulima wa Sidamo akikosa mnunuzi wa nje, anaye jirani. Mkulima wa Uru hana. Na jirani huyo, ambaye angekuwa sisi wa pwani tuliozoea kahawa tangu enzi za mababu, ameachiwa kilichobaki baada ya meli kuondoka. Viongozi wa nchi za Afrika zinazolima kahawa walipokutana Dar es Salaam Februari 2025, suala la kuongeza thamani na kunywa kahawa yetu wenyewe lilikuwa mezani. Wangefaa wamsikilize mtu mwenye birika.

Mzee wa minazi aliuliza swali la mwisho, na lilikuwa la mtu wa kisiwani: je, kahawa haiwezi kuota Mafia? Arabika haiwezi, mwalimu akasema, inataka mwinuko wa mita 1,000 na zaidi na usiku wa baridi. Lakini pwani hii ina kahawa yake ya mwitu, na kisiwani Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, watu wameilima na kuinywa kwa vizazi. Mzee alisema kesho ataingia msituni kutazama.

Kati ya pande zilizobishana, nesi ndiye mwenye haki zaidi, ingawa mwalimu hakukosea. Ubora unalipa, lakini unamlipa yule anayeumiliki mtambo wa kuoshea na anayeijua alama. Pale ambapo wakulima wa kijiji wana mtambo wao, wanapokea tunda jekundu tu, wanaweka magunia yao mbali na ya wengine, na wanalipwa kwa wakati, kahawa maalumu imebadilisha maisha. Pale ambapo hawana, neno hilo ni pambo la pakiti. Vyama vya msingi vina wajibu mmoja unaoweza kuanza msimu huu bila kusubiri mfadhili: kila sampuli inayoonjwa, karatasi ya alama irudi kijijini na ibandikwe ukutani pale penye mzani, mama wa Uru aisome. Akijua kahawa yake ni 84 na ya jirani ni 77, hatakubali tena zimiminwe gunia moja.

Jambo moja nesi alilisema wakati anaaga, akiwa tayari amevaa viatu. Mama yake hajawahi kunywa kahawa yake mwenyewe. Nyumbani kwao hunywa chai.

Mavuno Uru huanza mwezi Julai. Nesi amemwagiza kaka yake atume kilo 5 za kichanja cha mama kwa basi hadi Dar, halafu kwa boti hadi Kilindoni, na muuza kahawa ameahidi kuziepua zikiwa bado za rangi ya kahawia. Nusu yake, ikishakaangwa, itarudi Uru. Na wewe msomaji, siku ukinunua buni Kariakoo au kwingine, muulize muuzaji gunia limetoka chama gani. Asipojua, mwambie akaulize.